Jino la Obeid na Mrashi wa Bi Alawiya

Jumatano, mosi Rajab 1329

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho ya kuona na ulimi usiotulia, naanza. Marehemu mume wangu Husein aliniachia nyumba hii ya Mkomani, punda mkaidi, na kitabu hiki kitupu alichokuja nacho kutoka Adeni. Punda nimempa mtu mwenye subira kuliko mimi. Kitabu nimekiweka sandukuni miaka yote nikiona haya kukichafua. Leo nakichafua, kwa sababu msimu wa arusi umeingia. Mpaka Ramadhani iandame Amu haitalala, na mmoja wa watakaoolewa ni binti yangu Radhiya.

Nasema binti yangu. Alizaliwa na marehemu dada yangu, lakini nimemlea mimi tangu hajaota meno, kwa hiyo asinisahihishe mtu.

Mchumba wake ni Obeid, kijana wa Pate anayeuza kahawa mtaani kwetu. Mpole, msafi, na akipita akigonganisha vikombe vyake Radhiya hujichoma sindano. Anamshonea kofia ya arusi, na kofia hiyo sasa ina damu yake kidogo. Ami yake Radhiya, Bwana Abdulkadir, ndiye walii wake wa kumwoza, naye amekubali kwa shingo upande. Aliniambia nikiwa nyuma ya pazia, "Sawa, Bi Khairiya. Lakini nikisikia yambo moya tu..." Hakumaliza. Ndevu zake zilimaliza.

Jumamosi, 4 Rajab

Kusi linavuma. Asmini ni haba na zilizopo zimesinyaa. Jamila alikuja tukatunga vikuba, vishada vya asmini, vya arusi ya Alhamisi, akaniiga mimi ninavyomgombeza muuza samaki, nikacheka mpaka maua yakamwagika.

Jamila ni rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukichapwa pamoja. Yeye ndiye anayewaongoza wanawake wa Mkomani katika vugo, ngoma yetu ya arusi. Akiipiga ile pembe ya nyati na kuanza wimbo, hata mwenye homa huinuka.

Jumatatu, 6 Rajab

Manyunyu. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 10 Rajab

Lipo la kuandika!

Jana arusi ilifana, pilau haikuungua, bi harusi hakuzimia. Lakini leo asubuhi jirani yangu Bi Alawiya amepiga ukelele uliowatoa njiwa msikitini. Mrashi wake haupo. Mgeni akisoma hapa ajue kwamba ule ni mrashi wa fedha, wenye shingo ndefu, wa kuwanyunyizia wageni marashi, na hakuna arusi ya mtaa huu iliyofanyika bila ya kuuazima. Alawiya huuazima kwa moyo mkunjufu, ila huufuata kwa macho kila unapokwenda, na huwaeleza watu namna ya kuushika.

Wametafuta chini ya mikeka, ndani ya masufuria, mpaka kisimani. Mtu wa mwisho kuonekana akitoa masinia na vyombo nje alikuwa Obeid, maana ndiye aliyeajiriwa kwa kahawa.

Jina lake lilitajwa kwa sauti ndogo asubuhi. Kufikia adhuhuri sauti haikuwa ndogo tena.

Jumamosi, 11 Rajab

Abdulkadir amekuja hata viatu hakuvivua vizuri.

"Bi Khairiya, mwanangu haolewi na mwivi."

"Nani amemwona akiiba?"

"Nani mwengine alikuwako?"

"Mtaa mzima ulikuwako, Bwana! Hata wewe ulikuwako, ukala sahani mbili."

Hili halikumfurahisha. Amesema mrashi usipoonekana na mwizi asipojulikana, nikaha hakuna. Na nikaha isipofungwa kabla ya Ramadhani, ana mtu wa Faza aliyemposa Radhiya mwaka jana, mwenye minazi na wake wawili. Radhiya alisikia yote. Hakulia. Alikaa akaanza kufumua kofia mahali palipokuwa pameshonwa sawasawa.

Jumanne, 14 Rajab

Leo Shekhan mpiga mbiu amepita na pembe yake, kichochoro hadi kichochoro. "Enyi watu wa Mkomani! Mrashi wa Bi Alawiya umepotea! Aliyeutukua aurejeze kabla ya Ijumaa ya wiki iyayo, la sivyo itasomwa halbadiri!"

Nimesikia milango ikifungwa taratibu. Halbadiri si mchezo. Wakitajwa wale mashujaa wa Badri juu ya kichwa cha mwizi, atavimba, atapooza, atatoka mabaka, kila mtu ana ami yake aliyemjua mtu aliyemwona mtu. Anayeombwa kuisoma ni Mwalimu Badawi, mzee mpole anayeogopa hata kuku wake.

Alhamisi, 16 Rajab

Ajabu kubwa. Asubuhi kwenye daka la Alawiya, pale nje mlangoni, kumekutwa upawa, kata ya msikitini, kiatu kimoja cha kiume, na mbuzi ya kukunia nazi iliyopotea wakati mama yake Alawiya yu hai. Hakuna aliyeonekana akiviweka.

Jamila alikuja kutazama, akashika mbavu. "Khairiya, mtaa huu wote ni wevi! Ni mrashi tu usioibiwa!"

Jumapili, 19 Rajab

Vimeongezeka. Kufuli, mto wa sufi, kinara cha taa, kitasa cha mlango ambao hatuujui. Na kuku wa Alawiya aliyepotea mwaka jana. Alipotea peke yake, amerudi na vifaranga. Alawiya hajui ashukuru au atukane, kwa hiyo anafanya yote mawili.

Nami nilienda kuangalia kama uko mwiko wangu. Ulikuwako.

Jumanne, 21 Rajab

Mrashi umerudi!

Ulikuwa katikati ya daka, umefungwa kwa kitambaa cheupe, hauna hata mkwaruzo. Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Radhiya amechukua sindano yake na anashona alichofumua. Nimempelekea Obeid salamu kwamba amtengenezee mkwewe kahawa ya tangawizi. Kesho Abdulkadir atanyamaza.

Jumatano, 22 Rajab

Hakunyamaza.

"Waona, Bi Khairiya? Kaogopa, karejeza."

Nimemwambia daka lile liliwekewa vitu na nusu ya Mkomani, na hatujui ni nani aliweka nini. Akasema, "Wa upawa simtaki ajulikane. Wa mrashi namtaka." Kisha akaenda kwa Mwalimu Badawi akamtaka aisome halbadiri hata hivyo, ili mwizi ajulikane. Mwalimu amekataa katakata. "Kitu kimerudi, Abdulkadir. Wataka nini tena kwa waja wa Mungu?" Leo nimempenda Mwalimu Badawi. Zamani nilimdharau kwa ajili ya wale kuku.

Na Alawiya, ambaye amepata mrashi wake, ameufungia sandukuni na kusema, "Mimi sisemi kitu." Anavyosema hivyo ni kama kusema kila kitu.

Ijumaa, 24 Rajab

Ijumaa hii ya mbiu, na si Alhamisi wala Jumamosi, ndiyo Obeid ameamka na shavu limevimba kama andazi.

Nimekaa chini nikacheka kwanza, Mungu anisamehe, kwa sababu nilimwona kwenye tundu la dirisha akipita amejifunga kitambaa, vikombe mkononi, na jicho moja limezama. Kisha nikawaona watu wa barazani. Hawakucheka. Walitazamana. Mmoja akainuka, akafuatwa na mwingine, na Obeid akabaki na birika lake limejaa.

"Halbadiri imemshika!" Mji mzima unasema hivyo.

Mwalimu Badawi ametoka msikitini akiapa, "Sikufungua kitabu! Kitabu ki sandukuni!" Wakamwambia, "Basi fikiri, Mwalimu, kimemfanya hivi na hujakifungua!"

Kinyozi amemtazama Obeid kinywa akasema ni jino bovu. Wakamuuliza, na nani aliyeliozesha?

Mtu afanye nini na watu kama hawa? Na ndio watu wangu, nawapenda, nimekula chumvi yao miaka yote.

Jumatatu, 27 Rajab

Miraji. Maulidi yamesomwa vizuri. Kahawa imeletwa na mtu kutoka mtaa wa Langoni. Obeid hakuitwa.

Ijumaa, mosi Shaaban

Mwezi umeandama. Kusi. Radhiya hali chakula.

Jumapili, 3 Shaaban

Afadhali kuna Jamila. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake anayemkumbuka yule kijana. Amempelekea karafuu na maji ya chumvi ya kusukutua, jana amempelekea uji, leo supu ya pweza. Nikamwambia, "Jamila, wewe utaingia peponi kwa mlango wa mbele." Akacheka, lakini kicheko chake hakikunikalia vizuri. Kilikuwa kifupi. Nikadhani labda na yeye ana jino.

Jumanne, 5 Shaaban

Obeid amekuja akasimama nje ya mlango, nami nikakaa ndani upande wa pili.

"Mama," akaniambia, na hajawahi kuniita hivyo, "nimekuya kuaga. Jahazi ya Pate yaondoka Jumapili."

"Waenda wapi na arusi i mwezi huu?"

"Arusi ya nani, mama? Yana nimemwaga kahawa nzima baharini. Hata watoto wakinipita hushika matavu yao kama yamevimba. Sitaki Radhiya aitwe mke wa mwivi, na wanawe waitwe wana wa mwivi. Mwambieni..." Kisha akashindwa kumwambia, akaenda zake.

Nilikaa pale ukumbini mpaka alasiri ikapita bila ya mimi kujua, nikaiswali mwisho wa wakati. Nililia kwa hasira. Sijui kulia kwa huzuni, huwa naona kama napoteza wakati.

Jumatano, 6 Shaaban

Nitaandika kama yalivyotokea.

Jamila alikuja saa ya kutunga maua. Nilikuwa sina maua, nilikuwa napepeta mchele. Nikamweleza habari ya Obeid. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi akawa kimya, na Jamila kuwa kimya ni jambo la kumwitia tabibu. Kisha akasema:

"Khairiya, ni mimi niliyeutukua."

"Umetukua nini?"

"Mrashi."

Nilicheka. Nilidhani ni mizaha yake. Nikamtazama usoni, ungo ukanitoka mkononi.

Akasema siku ile ya arusi aliushika ule mrashi awanyunyizie wageni, na Alawiya akamwambia mbele ya watu, mbele ya wakwe zake yeye Jamila, "Jamila, uwate huo, mikono yako ina mafuta ya nazi." Yeye ambaye alikuwa amejifukiza udi tangu asubuhi! Akaona moto umemwaka. Watu walipoinuka kula, akautia ndani ya leso.

"Nalitaka akose usingizi usiku moya tu. Asubuhi niurejeze, iwe mzaha, tuteke. Asubuhi mji mzima wapiga kelele, nikaogopa. Kisha mbiu. Nikaurejeza, Khairiya, nimeurejeza kabla ya Ijumaa, kama alivyosema Shekhan! Kitabu hakikufunguliwa. Mimi sina deni na mtu."

"Huna deni?"

"Mrashi u kwa mwenyewe."

"Mrashi wa Alawiya umeurejeza. Jina la Obeid utalirejeza lini?"

Nikamuuliza supu ya pweza ilikuwa ya nini, kumponya jino au kumponya yeye Jamila roho. Nikamwambia maneno mengine ambayo siyaandiki, kwa sababu wino wangu ni mchache na malaika wamekwisha kuyaandika. Nikamwambia atoke, aende sasa hivi kwa Abdulkadir aseme.

Akalia. "Wataka niitwe mwivi mjini? Nani tena ataniita kwenye arusi yake? Vugo litaongozwa na nani? Sema wewe, Khairiya. Waambie umesikia mahali."

"Nikisema mimi, wataamba natunga uwongo nipate kumwoza mwanangu. Ni mdomo wako tu utakaofaa. Mikono yako imekwisha kufanya kazi yake."

Akaenda bila ya kufunga mlango. Mchele umejaa sakafuni na kuku wa Alawiya ameingia na wanawe wanaula. Nimewaacha.

Alhamisi, 7 Shaaban

Jamila hakuja.

Ijumaa, 8 Shaaban

Hakuja. Kutwa nimekuwa nikimsikiliza mlangoni, nikitaka kumpiga na nikitaka kumkumbatia. Nimefikiri habari zetu sisi sote na lile daka. Tulifurahi sana kuona vitu vimerudi usiku usiku bila ya wenyewe. Hakuna aliyeona haya na hakuna aliyeomba radhi. Mwiko wangu nimeupata, lakini nikimtazama jirani namtazama kama ndiye, na huenda siye.

Radhiya amemaliza kofia. Ameikunja akaitia chini ya mto wake.

Jumamosi, 9 Shaaban

Allahu akbar! Nina wino mpya, nitaandika mpaka uishe.

Baada ya adhuhuri nimesikia pembe ya Shekhan. Nikadhani ng'ombe wa mtu amepotea. Kumbe Shekhan amesimama pale pale mbele ya nyumba ya Alawiya alipotolea mbiu ya kwanza, amekunja uso kama mtu aliyepewa dawa chungu. Nyuma yake, amejifunika ukaya mpaka usoni lakini mwendo wake naujua hata gizani, ni Jamila.

"Enyi watu wa Mkomani!" Shekhan akageuka nyuma, akamuuliza kwa sauti aliyoidhani ni ndogo, "Bibi, niseme kweli?" Ukaya ukatikisika. "Mrashi wa Bi Alawiya ulitukuliwa na Bi Jamila binti Mselem! Yeye ndiye aliyeutukua na yeye ndiye aliyeurejeza! Obeid wa Pate hana makosa! Hakutukua, hakurejeza, hakujua!"

Dirisha moja likafunguka, kisha yote. Shekhan, alipoona watu wamejaa, akanogewa akaongeza lake: "Na jino lake ni bovu tu! Kinyozi aling'owa yeo asubuhi! Lina tundu mutaona!"

Akapiga pembe, akaenda kichochoro cha pili. Na Jamila nyuma. Akasema yale yale, na Jamila amesimama. Wamezunguka hivyo mtaa mzima, kila mahali ilipolia mbiu ya kwanza. Angeweza kumlipa Shekhan akabaki nyumbani amejifungia. Hakubaki. Watoto wamemfuata, wengine wakimzomea, na mara moja nilimwona akikosa hatua, akashika ukuta, akaendelea.

Nimelia tena, na safari hii haikuwa hasira.

Jumapili, 10 Shaaban

Jahazi ya Pate imeondoka. Obeid hakuwamo.

Abdulkadir, niliyekuwa nimemwandika humu kama ndevu tu, amefanya jambo la kiungwana. Jana jioni aliketi barazani saa ambayo watu ni wengi, akamwita Obeid kwa sauti: "Mwanangu, nitilia kahawa." Akanywa kikombe, akaomba kingine, akaomba kingine tena, na kahawa ya Obeid ni kali. Nasikia jana hakupata usingizi mpaka alfajiri. Stahili yake. Kisha watu wote wakataka kahawa, na wote wakataka kuliona jino.

Jumatano, 13 Shaaban

Jambo jengine la kuchekesha. Tangu ile mbiu, watu wanakuja kwa Alawiya mchana kweupe. Wa kata amekuja. Wa kiatu amekuja, akaomba radhi na akaomba kiatu cha pili kama kipo. Bibi mmoja mkubwa sana, simtaji, amekuja kusema yule kuku alikuwa kwake, na kwamba hao vifaranga ni wa jogoo wake, kwa hiyo wagawane. Na mwiko wangu alikuwa nao Alawiya mwenyewe! Amenijia akiwa mwekundu, akaniambia. Nikamwambia nimekwisha kumdhania mtu mwingine miaka yote, niende nikamwombe radhi.

Lakini Jamila hajasamehewa. Alawiya amesema akipita kwake hatamjibu salamu. Arusi mbili zimepita hakualikwa. Wanawake wamempa Tima kuongoza vugo, na Tima ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Jamila yu nyumbani kwake, anashona. Nilikwenda nikaketi naye. Aliniuliza, "Khairiya, itakwisha lini?" Nikamwambia sijui, na kweli sijui.

Jumamosi, 16 Shaaban

Manyunyu. Asmini zimechanua kwa wingi, Alhamdulillahi.

Alhamisi, 21 Shaaban

Nikaha imefungwa. Obeid amevaa kofia. Shavu lake limepona na, Mungu amhifadhi, ni kijana mzuri.

Jumatatu, 25 Shaaban

Leo ilikuwa siku ya kutolewa nje bi harusi, na nimechoka hata miguu siisikii.

Radhiya alipambwa, akaketishwa juu ya kiti kirefu, mikono magotini, macho amefumba. Mgeni akisoma hapa ajue kwamba kwetu siku hii bi harusi hasemi, hatazami, hacheki, hata nzi akimtua puani. Mimi siku yangu nilikohoa tu, na mpaka leo naambiwa.

Nilimwalika Jamila. Nilisema nyumba ni yangu na atakayekasirika apumue nje. Akaja, akaketi nyuma kabisa, pale karibu na viatu, na wanawake wakaacha nafasi baina yake na wao. Mwanamke mmoja akavuta pochi yake karibu, kwa kusudi, ili aonekane. Jamila aliona. Akatazama mikono yake.

Tima akaanza vugo. Masikini Tima. Aliuanza wimbo juu, ukamshinda, akaushusha, ukakatika. Pembe zikalia kila moja na lake, kisha zikanyamaza. Ukumbi mzima ukawa kimya, na kimya katika arusi ni jambo baya. Nikaona kila mtu anajua ni nani anayeweza kuuinua wimbo ule, na kila mtu anatazama mkeka.

Ndipo nikasikia sauti kutoka juu ya kile kiti, ndogo, lakini haikutetemeka.

"Bi Jamila. Anza wewe."

Bi harusi amesema! Mabibi wakashika vifua. Radhiya alikuwa bado amefumba macho, mikono magotini, kama aliyechongwa, ila machozi yalikuwa yakimchuruzika juu ya wanja, na mimi ndiye niliyeutia wanja ule kwa shida.

Jamila hakuinuka. Nikachukua pembe ya Tima, naye akanipa kwa shukrani kubwa, nikapita katikati ya watu nikaenda kumwekea Jamila mapajani. Akaanza pale pale alipoketi, kwenye viatu, sauti imepasuka mwanzo, kisha ikajishika.

Mtu wa kwanza kumwitikia alikuwa Alawiya. Aliitikia kwa uso wa hasira, akitazama ukutani, lakini aliitikia, na hakukosa hata neno.